Ukavu utokanao na dawa za mzio: Jinsi ya kuutambua na kuukabili

MVUA zinapokatika na kiangazi kutanda katika nyanda za Uasin Gishu, wakazi wengi wa Kimumu, viungani mwa mji wa Eldoret, huanza kupiga chafya. Wakati huo kombaini huwa zimepita mashambani na kuacha makapi ya ngano yakipeperushwa na upepo, mahindi yanapukuchuliwa uani, na vumbi la barabara zisizo na lami huingia hadi vyumba vya kulala.

Wengi wao hukimbilia duka la dawa lililo karibu na kununua vidonge vya kuzuia mzio, ambao watu wengi huuita aleji. Baada ya siku mbili tatu chafya hupungua, lakini matatizo mengine huzuka. Ulimi hunata kinywani, koo hukereketa, macho huwasha kana kwamba yametiwa mchanga na kamasi hukauka puani na kuwa magamba.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Hudhani kwamba mzio umezidi, nao huongeza kidonge kingine au kununua dawa ya kikohozi ya kuongezea. Dawa hiyo ya pili huzidisha ukavu uleule uliowasumbua, na mgonjwa hujikuta akizunguka palepale. Wengine huchoka na kuacha dawa kabisa, kisha hurudi kwenye chafya, kukosa usingizi na hata kubanwa kifua ikiwa wana pumu.

Ukweli ni kwamba ukavu wa namna hiyo mara nyingi si dalili ya mzio. Ni athari ya dawa yenyewe, na kwa wengi hupungua sana mgonjwa anapobadilishiwa aina ya dawa badala ya kuongezewa kipimo.

Kwa nini Kimumu

Kimumu ni wadi katika eneobunge la Moiben, kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara itokayo Eldoret kuelekea Iten. Eneo la Eldoret liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na baridi, na katika miezi ya Desemba hadi Machi huwa kavu. Hewa kavu hunyonya unyevu wa midomo, pua na macho hata kwa mtu ambaye hajameza dawa yoyote. Kwa hiyo dawa inayokausha mwili hukuta kazi imeshaanza.

Vyanzo vya mzio navyo ni vingi. Nyasi na nafaka hutoa chavua zinapochanua, magodoro na mablanketi huwa na vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, na nyumba zenye unyevu wakati wa mvua huota ukungu. Moshi wa kuni na makaa si mzio, lakini huwasha pua iliyokwisha kuvimba.

Tatizo la mzio katika eneo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Profesa Fabian Esamai, waliwahoji wanafunzi wa umri wa miaka 13 na 14 kuhusu pumu, mzio wa pua na mzio wa ngozi. Uchunguzi huo ulikuwa sehemu ya utafiti wa kimataifa uitwao ISAAC, ambao vituo vyake nchini Kenya vilikuwa Eldoret na Nairobi.

Jinsi dawa inavyokausha

Mwili wa mtu mwenye mzio unapokutana na chavua au vumbi, chembechembe maalumu za kinga humwaga kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo ndiyo inayosababisha mwasho, chafya, macho mekundu na kamasi nyepesi zinazotiririka kama maji. Dawa za mzio hufanya kazi kwa kuziba vipokezi ambavyo histamini ingevishika.

Mwanasayansi Mwingereza Henry Dale na mwenzake Patrick Laidlaw walieleza nguvu za histamini mwaka 1910. Mnamo 1937, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipata kemikali ya kwanza ya kuizuia. Bovet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1957, na kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizompatia heshima hiyo.

Hata hivyo, dawa za mwanzo hazikuwa na shabaha nzuri. Mbali na kuziba vipokezi vya histamini, zilizuia pia kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, ambayo neva huitumia kuziamuru tezi za mate, machozi, kamasi na jasho zifanye kazi. Amri hiyo inapozuiwa, tezi hulala. Mate hupungua, macho hukauka, kamasi huwa nzito na jasho hutoka kwa shida. Matumbo nayo hupunguza mwendo, ndiyo sababu baadhi ya watumiaji hufunga choo.

Dawa za zamani na dawa mpya

Dawa za mzio zinazomezwa ziko katika vizazi viwili. Kizazi cha kwanza ndicho kinachokausha zaidi na kuleta usingizi. Humo mna klofeniramini, inayojulikana zaidi nchini kwa jina la Piriton, promethazini, ambayo ni Phenergan, na difenhidramini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi.

Kizazi cha pili ni setirizini, loratadini na feksofenadini. Hizi hugusa asetilikolini kwa kiasi kidogo mno, na ni vigumu kwao kupenya hadi kwenye ubongo. Hazikosi athari kabisa, lakini tofauti ni kubwa. Katika majaribio yaliyofanywa kabla ya setirizini kuidhinishwa Marekani mwaka 1995, watu 5 hivi kati ya 100 waliomeza miligramu 10 kwa siku walilalamikia kinywa kikavu. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliolalamika walikuwa 2 hivi kati ya 100. Kwa loratadini ya kipimo hicho, walikuwa takriban 3 dhidi ya 2.

Faida nyingine ni muda. Klofeniramini hudumu saa chache, hivyo mtu mzima humeza miligramu 4 kila baada ya saa nne hadi sita, bila kupita miligramu 24 kwa siku. Setirizini au loratadini ya miligramu 10 humezwa mara moja tu kwa siku. Anayemeza Piriton mara nne kwa siku huukausha mwili wake mara nne.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumuuliza mfamasia ni iwapo dawa anayoitoa ni ya kizazi cha kwanza au cha pili. Mgonjwa hapaswi kuchanganya zote mbili kwa hiari yake. Asome pia orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti, kwa kuwa dawa nyingi za mafua na kikohozi huwa na klofeniramini ndani yake. Mtu anaweza kumeza kidonge cha mzio, dawa ya mafua na dawa ya kikohozi, kumbe amemeza kitu kimoja mara tatu.

Ukavu au mzio?

Kutofautisha mambo haya mawili si kazi ngumu. Mzio huleta mwasho, chafya za mfululizo na kamasi nyepesi kama maji, nao huzidi mtu anapokuwa karibu na kinachomdhuru, kwa mfano anapofagia au kupita kwenye shamba linalovunwa. Ukavu wa dawa hauleti chafya. Mate huwa mazito na yenye kunata, chakula kikavu hakimezeki bila maji, midomo hupasuka, sauti hukwaruza na harufu ya kinywa hubadilika.

Saa nazo husaidia. Ikiwa tatizo huanza muda mfupi baada ya kumeza kidonge na kupungua kipimo kifuatacho kinapokaribia, dawa ndiyo ya kushukiwa. Mgonjwa anaweza kuandika kwa siku tatu saa anayomeza dawa na saa anayoanza kuhisi ukavu, kisha akampelekea mfamasia au daktari maandishi hayo.

Kutunza kinywa na meno

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye meno. Yakipungua kwa wiki nyingi, meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi, na utando mweupe wa kuvu unaweza kuota ulimini.

Kosa la kawaida ni kutuliza ukavu kwa kitu kitamu. Peremende, soda na chai yenye sukari nyingi inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima hulowesha kinywa kwa dakika chache, lakini huwalisha viini vinavyotoboa meno wakati ambapo hakuna mate ya kutosha kuyalinda. Badala yake, inafaa kuzingatia haya:

- Kunywa maji mafunda madogo madogo mara kwa mara badala ya kugugumia bilauri nzima mara moja.

- Kutafuna chingamu isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli, kwa kuwa kutafuna huziamsha tezi za mate.

- Kula chakula chenye mchuzi. Mahindi ya kuchoma, mkate mkavu na njugu hukwangua kinywa kikavu.

- Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na kuepuka maji ya kusukutua kinywa yenye alkoholi.

- Kupunguza pombe na kuacha sigara na miraa, ambavyo vyote hukausha kinywa.

- Kupaka midomo mafuta ya mgando kabla ya kulala na kabla ya kutoka kwenye upepo.

Kutunza pua

Pua iliyokauka hupasuka na kutoka damu, na kuibandua magamba kwa kidole huongeza jeraha. Njia iliyo nafuu zaidi ni kuilowesha kwa maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi safi huyeyushwa katika kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji hayo hutiwa puani kwa bomba la sindano lisilo na sindano au chupa maalumu inayouzwa katika maduka ya dawa, huku kichwa kikiwa kimeinama juu ya beseni. Yanayobaki humwagwa, na chombo huoshwa na kuanikwa.

Wakazi wa nyanda za juu wana jambo la ziada la kukumbuka. Maji ya Eldoret huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za selsiasi, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Kwa hiyo Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) hupendekeza kwamba mahali palipo juu ya takriban mita 2,000, maji yaachwe yatokote kwa dakika tatu badala ya moja. Maji ya mfereji au ya kisima yasiyochemshwa hayafai kutiwa puani, kwa kuwa yanaweza kuwa na viini ambavyo tumbo huviua lakini pua haiwezi.

Matone ya kuzibua pua, kama yale ya zailometazolini, yasitumiwe zaidi ya siku tano hadi saba. Yakizidi muda huo, pua huyazoea na kuziba tena kila yanapoisha nguvu, na mgonjwa hubaki mtumwa wa chupa.

Kwa mtu ambaye pua yake huziba kila siku, daktari anaweza kupendekeza dawa ya kupuliza yenye steroidi, kwa mfano beklometasoni au flutikasoni. Hutuliza mzio wa pua vizuri kuliko vidonge na haikaushi kinywa, ila huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya nguvu yake kuonekana kikamilifu. Ili isikaushe na kutoa damu puani, mtumiaji aelekeze chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na wa kushoto tundu la kulia.

Macho, ngozi na chumba cha kulala

Macho makavu yasifikichwe. Matone ya machozi bandia, yanayouzwa bila cheti cha daktari, huyalowesha bila kuongeza dawa nyingine mwilini. Anayevaa lenzi ndani ya jicho aziweke kando na kutumia miwani hadi ukavu uishe. Miwani pia huwakinga waendeshaji wa bodaboda dhidi ya vumbi na upepo.

Ngozi hupakwa mafuta mara tu baada ya kuoga, ingali na unyevu. Kuoga kwa maji ya moto sana, jambo linalovutia asubuhi za baridi, huondoa mafuta ya asili na kuongeza mwasho ambao mtu anaweza kuudhania kuwa ni mzio.

Baadhi ya watu hujaribu kuongeza unyevu chumbani kwa kuchemsha sufuria ya maji juu ya jiko la makaa usiku. Hiyo ni hatari kubwa. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Inatosha kutandaza taulo lililoloweshwa karibu na kitanda, kuweka bilauri ya maji ya kunywa kando ya mto, na kuosha mashuka kila wiki ili kupunguza vijidudu vya vumbi.

Wanariadha na madereva

Barabara ya Iten hutumiwa na wanariadha wanaofanya mazoezi alfajiri, na baadhi yao huishi viungani mwa Eldoret. Kwao ukavu una uzito wa pekee. Dawa za kizazi cha kwanza hupunguza jasho, ambalo ndilo linaloupoza mwili, na huacha uzito wa kichwa hadi siku inayofuata.

Dawa za kawaida za kuzuia histamini hazimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA). Hatari iko katika vidonge vya mchanganyiko. Vingi vya mafua na mzio huwa na sudoefedrini, kizibuo cha pua ambacho pia hukausha. Kiasi kinachozidi mikrogramu 150 kwa mililita moja ya mkojo wakati wa mashindano ni kosa. Vilevile, tangu Januari 1, 2022, sindano zote za steroidi aina ya glukokotikoidi, zikiwemo zile ambazo baadhi ya watu hudungwa kutuliza mzio, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Kuzipuliza puani kwa kipimo kilichoidhinishwa kunaruhusiwa. Mwanariadha amjulishe daktari kazi yake kabla ya kuandikiwa dawa, na awaulize maafisa wa Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Kenya (ADAK) anapokuwa na shaka.

Madereva wa matatu, malori na bodaboda hawapaswi kuendesha baada ya kumeza dawa ya kizazi cha kwanza. Hata setirizini huwaletea baadhi ya watu usingizi, hivyo kidonge cha kwanza kinafaa kumezwa jioni ya siku isiyo na safari.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi

Wazee huathirika kuliko vijana. Dawa za kizazi cha kwanza zinaweza kuwafunga choo, kuwachanganya akili na kuwaangusha. Orodha ya Beers, inayotolewa na chama cha madaktari wa wazee nchini Marekani, hushauri waepushwe nazo. Wanaume wenye tezidume iliyovimba wanaweza kushindwa kukojoa kabisa, na wenye aina fulani za ugonjwa wa presha ya macho wanaweza kuharibikiwa na macho ghafla.

Promethazini haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kudhoofisha pumzi yake. Mama anayenyonyesha amuulize daktari kwanza, maana baadhi ya dawa hizi, hasa zenye sudoefedrini, huweza kupunguza maziwa. Anayetumia amitriptilini au dawa za kuongeza mkojo aseme hivyo dukani, kwa kuwa nazo hukausha, na ukavu wa dawa mbili hujumlishwa.

Wakati wa kumwona daktari

Ukavu usioisha siku chache baada ya kuacha au kubadilisha dawa unahitaji uchunguzi. Kiu isiyokatika pamoja na kukojoa mara nyingi na kupungua uzito ni dalili za kisukari, na hazipaswi kusingiziwa kidonge cha mzio. Vidonda vya kinywa, maumivu makali ya jicho, kushindwa kukojoa na damu ya pua isiyokatika baada ya kuibana kwa dakika 20 ni sababu za kwenda hospitalini mara moja.

Mtu anayevimba midomo au ulimi, au anayepumua kwa shida, asingoje kidonge kifanye kazi. Hiyo ni hali ya dharura inayohitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa. Wakazi wa Kimumu wako karibu na mji wa Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH).

Kwa wengine wote, safari ya kwanza ni ya kurudi kwa mfamasia wakiwa na pakiti zote za dawa wanazotumia, za mzio, za mafua na za kikohozi, ili aone kilichomo na kuwaambia ni ipi ya kuacha, ipi ya kubadilisha na ipi ya kuendelea nayo.